Magari Mawili na Makalio ya Baba

Sikuhitaji gari la kukimbia. Niseme hilo mwanzoni kabla ndugu zangu hawajanisemea. Mimi ni mwalimu wa fizikia, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, nimepanga nyumba Machakos mjini na ninafundisha upande wa Konza, ambako upepo una sauti kubwa kuliko mwalimu mkuu. Gari lililonifaa ni lile la kawaida, jeupe, la kubebea madaftari siku za kazi na gunia la mbaazi siku za likizo. Lakini roho yangu ilitaka dude dogo la chini, lenye injini ya tabo, linalonguruma ukiligusa tu. Miaka kumi na mitano nimekula vumbi na moshi wa watu wengine nikienda kazini. Nilitaka na wao wale langu.

Yadi moja pale mjini ilikuwa na mawili ya aina hiyo, yote ya mtumba kutoka Japani, yote ya gia za mkono, bei karibu sawa. Moja jekundu, la milango miwili, lina bawa nyuma utadhani litaruka. Jingine la kijivu, la milango minne, lina sura ya mtu aliyepanga foleni benki tangu asubuhi. Muuzaji, kijana wa suruali ya kubana na viatu bila soksi, alinipa lile la kijivu kwanza akaniambia nielekee Iveti. Anayevijua vilima vya Iveti anajua gari lililia vipi. Kisha akanipa lile jekundu, akanizungusha njia za nyuma za vumbi, tukatokea kwenye lami inayopanda polepole, hakuna mtu wala mbuzi.

"Madam, toa mguu kwa mafuta uone," akasema.

Nikatoa. Gari likaendelea kupanda. Akaniambia nitoe gia niweke nyutro, nikaweka. Likaendelea kupanda tu!

"Hii gari iko na roho," akasema.

Haki ya Mungu nilicheka peke yangu kama bibi harusi. Sikuuliza swali hata moja. Nilirudi yadi nimekwisha, nikamwambia aniwekee lile jekundu mpaka Ijumaa.

Sasa nimseme Baba, maana bila yeye hakuna kisa.

Baba aliendesha lori miaka thelathini na mmoja, Mombasa mpaka Malaba, na alipostaafu akanunua pikapu ya kuzunguka nayo huko kwetu Kivaa. Macho yakaanza kumwacha, naye hakumwambia mtu. Tulijua Jumapili moja alipoingiza pikapu ndani ya choo cha kanisa. Katekista alikuwa ametoka humo dakika hiyo hiyo, bado anafunga mshipi. Baba alishuka akasema choo kimehamishwa. Ati wamekisogeza bila kutangaza! Mimi nilikuwa nimekuja nyumbani wikendi hiyo, nikaogopa, na hofu yangu ikatoka ikiwa hasira. Nikanyoosha mkono, nikachomoa funguo mbele ya waumini wote, wakubwa kwa wadogo, nikazitia kwenye mkoba wangu. Baba alirudi nyumbani kwa miguu.

Mimi nina jina la mama yake. Kwetu, mtoto wa namna hiyo baba yake humwita Mwaitu, yaani mama, na hivyo ndivyo Baba alivyoniita tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni. Ukimsikia mzee wa futi sita amekunja sura anamwita mtoto anayetoka kamasi "mama", unacheka, lakini mimi nilikua nikijua kwamba mimi ni mtu mkubwa. Tangu siku ile ya choo akaanza kuniita Mwalimu. Habari ya kazi, Mwalimu. Asante kwa sukari, Mwalimu. Miaka miwili! Bora angenitukana. Pikapu ikageuka kiota cha kuku, na mimi kila nikienda nyumbani nilingoja nisikie lile neno, nikarudi Machakos bila kulisikia.

Wiki ile ya magari Baba alikuwa kwangu, amekuja kliniki ya macho. Alikuwa anaona mwanga na vivuli, basi. Mama akanipigia simu kutoka Kivaa. "Mpeleke baba yako akasikilize hizo gari. Atakataa. Mpeleke hivyo hivyo."

Nikamwambia. Akafuta kikombe chake kwa kidole, akasema, "Kama Mwalimu ameamuru."

Basi Ijumaa tukaenda. Kuingia kwenye lile jekundu kulikuwa kazi ya watu watatu. Baba alishuka mle ndani kama mtu anayeingia kisimani, akauliza kama ametua. Muuzaji akajikunja kiti cha nyuma, magoti yamekaribia masikio. Nikafuata njia zile zile za juzi, za nyuma, za vumbi, mpaka kwenye lami. Baba alikuwa ameweka kiganja juu ya dashibodi.

"Sikia sasa, nau," nikamwambia. Nau ni baba kwa Kikamba, na nililisema kwa kubembeleza. "Sikia inavyovuta mlima. Sijakanyaga mafuta hata kidogo."

"Mlima gani?"

"Huu tunaopanda."

"Tunateremka," akasema Baba.

Muuzaji akacheka. "Mzee, tunapanda. Si unaona vile…"

"Sioni," Baba akasema. "Ndiyo maana sidanganywi. Haya makalio yangu yamekaa kwa lori miaka thelathini na mmoja. Yanajua kupanda na yanajua kuteremka. Hapa tunateremka. Uliza mtu yeyote aliyefunga macho."

Hapo ndipo damu ilipopanda usoni mpaka nikahisi masikio yanachemka. Kyamwilu! Tulikuwa Kyamwilu. Kila mtu wa Machakos anapajua: ile barabara ambayo vilima vinavyoizunguka vimekaa vibaya hata mteremko unaonekana kama mwinuko, watu wanakuja kumwaga maji wayaone yakipanda juu na kupiga picha. Na mimi, mimi mwenyewe, kila mwaka nawaleta wanafunzi wa kidato cha pili mahali hapo hapo na pima maji ya fundi mwashi, nawaonyesha kwamba ni macho tu yanayodanganya. Wanaandika kwenye daftari. Naweka alama ya vema. Lakini basi la shule hutufikisha kwa upande ule wenye watu na chupa za maji, na huyu mjanja alinileta kwa nyuma, na macho yangu yalikuwa kwenye boneti jekundu. Mwalimu wa fizikia! Nilitamani kiti kinimeze, na vile kilivyokuwa chini, kilikuwa kimebakisha kidogo tu.

"Geuza," Baba akasema. "Rudi na hii njia."

Nikageuza. Sasa kwa macho tulikuwa tunateremka, kwa kweli tulikuwa tunapanda. Nikakanyaga mafuta. Injini ikapiga kelele, mshale wa mizunguko ukaruka, gari likajivuta kama mtu anayeitwa kuosha vyombo. Nikakanyaga zaidi. Kelele ikaongezeka, mwendo ukabaki pale pale, na harufu ya kuungua ikajaa ndani.

"Klachi imekufa," Baba akasema. "Imekufa na imeoza. Kijana, mnaiuza na jeneza, au jeneza ni juu yetu?"

"Hiyo ni kitu kidogo, mzee wangu, fundi anarekebisha tu…"

"Na ile ya kijivu, Mwalimu ulimpeleka nayo wapi?"

Muuzaji akawa ghafla na simu ya kupokea, ingawa simu haikuwa imelia. Nikajibu mimi. "Iveti."

Baba akaanza kucheka. Alianza tumboni, akaenda mabegani, mpaka akatoa kitambaa cha kliniki kupangusa yale macho yake. "Iveti! Mmoja anabebeshwa mzigo mlimani, mwingine anasukumwa kwa mteremko, halafu Mwalimu anatoa matokeo!" Nilicheka pia, nikaumia pia. Kwa miaka miwili sikuwa nimemchekesha mzee huyo, lakini bado nilikuwa Mwalimu.

Tukajaribu lile la kijivu kwa njia hiyo hiyo, kwenda na kurudi. Baba akasema lina afya, na kwamba lililia Iveti kwa sababu lilikuwa linafanya kazi. Nikalinunua. Nisidanganye, lile jekundu nililililia bafuni, nimefungua maji nisisikike. Hata leo nikipita yadi hiyo natazama upande mwingine.

Siku ya kumrudisha Kivaa, tulikuwa mimi na yeye tu, na katoni ya mikate ya kumpelekea Mama kwenye kiti cha nyuma. Badala ya kushika njia ya Kangundo na Matuu moja kwa moja, nikakunja Kyamwilu. Ilikuwa saa mbili asubuhi, barabara tupu. Nikasimama.

"Tumefika wapi?" akauliza.

"Nau, nataka kusema kitu. Funguo ilibidi nizichukue. Ungeua mtu. Lakini ningengoja tufike nyumbani. Nilikuaibisha mbele ya watu, na imeniuma kila siku tangu hapo. Nisamehe."

Baba alikuwa anapapasa mshipi wa kiti, akitafuta mahali unapofungukia. Nikafungua mlango, nikazunguka, nikamshika mkono, nikamzungusha mbele ya boneti mpaka upande wa dereva. Alipogusa usukani alielewa, akasimama tuli na mkono wake juu ya mlango. Kisha akavua kofia, akaingia.

Nikakaa upande wa abiria, injini inanguruma taratibu, gia kwenye nyutro, mkono wangu kwenye breki ya mkono. Nikaiachilia. Gari likafikiri kidogo, likaanza kujongea lenyewe kuelekea juu, au chini, utakavyo. Baba alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, mgongo umenyooka, kidevu juu, kama ana tani ishirini na nane nyuma yake. Mwendo ulikuwa wa konokono. Punda aliyebeba mitungi ya maji alitupita, na mwenye punda akatupungia mkono.

"Kushoto kidogo," nikasema. Akaenda kushoto kidogo, laini, bila kutikisa.

"Macho yako yanasema nini?" akauliza.

"Yanasema tunapanda."

"Aka! Macho." Akasonya, lakini alikuwa anatabasamu. Tukaenda tena hatua kama hamsini, tairi zikisaga vichangarawe. Halafu akageuza uso kidogo upande wangu.

"Mwaitu," akasema, "huko mbele hakuna choo?"

"Hakuna, nau," nikamjibu, nikavuta breki ya mkono, maana sasa tulikuwa wawili tusioona barabara.