Mama Mkwe na Risasi za Ndimu

Mama mkwe wangu aliosha risasi kwa ndimu.

Si maganda matupu. Risasi nzima, zenye baruti ndani. Halafu akazianika dirishani juu ya taulo langu la kuogea.

Kabla hujaniita muongo, tulia nikupangie kisa.

Mume wangu Mubarik ni dereva wa basi hapa Birmingham. Wiki nzima anabeba watu Soho Road, Jumapili anakwenda klabu kulenga shabaha. Kibali cha polisi anacho, kabati la chuma analo, na kiburi ndicho kimezidi. Risasi za dukani hazitaki. Anaokota maganda aliyokwisha kupiga, anayaosha, anayatia baruti na kichwa kipya.

Kiangazi cha 2018 mama yake, Mama Sirad, akaja kututembelea kutoka Mombasa. Huyu mama hajui kukaa bure. Alimkuta mwanawe ameroweka maganda kwenye dawa ya chupa, akacheka. Akasema shaba husuguliwa kwa ndimu na chumvi, kama sinia za harusi.

Akayasugua. Yaling'aa kuliko meno yangu. Tangu siku hiyo kazi ikawa yake.

Shida ikaja wiki ya mashindano.

Mubarik alikuwa ameapa kumshinda binamu yake Dalmar, aliyechukua kombe mwaka uliopita na hajanyamaza tangu hapo. Alijaza risasi zake jikoni, akazitia kwenye kopo la aiskrimu, mara akaitwa kazini. Kopo likabaki mezani.

Sasa wewe unajua, nyumba zetu kopo la aiskrimu huwa na kila kitu isipokuwa aiskrimu. Mama analijua hilo. Alilifungua kujaribu bahati yake tu.

Niliporudi nilimkuta anajifuta mikono.

"Hizi zilikuwa na vichwa bado, Ifrah," akaniambia. "Nikaona mwanangu amechoka, nimsaidie."

Nilitafuta kiti nikakaa.

Mubarik alipoziona alipandisha sauti mpaka jirani akazima redio asikilize. Alimwambia mama yake amekuja kumharibia, maneno ambayo mama haambiwi. Mama alipanda chumbani, akafungua sanduku, akaanza kukunja madira yake. Aliniuliza ndege ya kwanza ya kurudi ni lini. Roho iliniuma sana.

Bwana mkubwa naye kichwa kigumu. Eti zimeshakauka, atazipiga hivyo hivyo. Nikamwambia akizipiga kabla ya kumwonyesha Bi Rajni, asirudi kwangu.

Bi Rajni ndiye msimamizi wa usalama pale klabuni, Mhindi wa Nairobi. Tukaenda wote, mama nimemburuta na buibui lake na hasira zake. Bi Rajni alisikia kisa cha ndimu akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaivaa, akasema hizi hazipigwi, zinafunguliwa moja moja.

Akawa anang'oa kichwa, anamwaga baruti kwenye mzani mdogo. Nyingine kavu. Nyingine imegandana kama uji uliolala.

Akafika moja, baruti ikawa haiishi kumwagika. Akapima. Akapima tena.

"Hii umeijaza mara mbili, Mubarik. Ungeipiga, bunduki ingekupasukia usoni. Ulikuwa ukifanya nini wakati unajaza?"

Mubarik akaukodolea macho mzani.

Mimi nilijua, na yeye alijua ninajua. Alikuwa kwenye simu na Dalmar, wanabishana nani atachukua kombe.

Mubarik alipiga magoti palepale, mbele ya wazungu na bunduki zao, akashika mkono wa mama yake akaomba radhi. Alikuwa analia. Na mimi nililia, sitaficha.

"Radhi umepata," mama akasema. "Ila kuanzia leo, kopo la aiskrimu litiwe aiskrimu."

Sanduku likarudi chini ya kitanda.

Funzo ni fupi. Ukishika baruti, zima simu. Na mama akikuoshea kitu, anza na asante, ndipo uulize ameosha nini.

Kombe alichukua Dalmar tena. Alilileta kwetu kutuonyesha. Mama akaligeuza huku na huku, akasema limeshika kutu, akalipeleka jikoni kutafuta ndimu.