Ukoga Ndani ya Chupa ya Uji

Kabla jua halijapanda vizuri, Esteria Lyamba huwa amekwisha kunyonyoa kuku kumi na wawili, na hajachemsha maji hata sufuria moja. Chemchemi ya maji moto iko nyuma ya nyumba yao, ukipita shamba la mihogo. Anaiendea na mtoto mgongoni. Dulla wa bodaboda anawachinja kuku, Esteria anawanyonyoa, kisha Dulla anawakimbiza Makanyagio, mjini Mpanda, kwa wakaanga chipsi.

Kazi hiyo ina ujuzi wake. Maji yakizidi moto, ngozi ya kuku inachanika. Yakipungua, manyoya yanang'ang'ania. Esteria haangalii maji. Anaangalia ukoga, ule utando unaoteleza juu ya mawe. Pale maji yanapotoka ardhini yakitokota hakuna ukoga, ni nyuzi nyeupe tu, nyembamba kama mvi. Mbele kidogo ukoga ni wa njano. Halafu unageuka rangi ya chungwa, na hapo ndipo pa kuku. Unatumbukiza kidole na kukitoa mara tatu, ya nne huiwezi. Ukishuka zaidi unakuta kijani, pa kufulia, na mwisho kabisa kahawia, pa kumwogeshea mtoto.

Alifundishwa na mama mkwe wake, Mariana, wiki ile ile aliyoolewa.

"Usikanyage ukoga," Mariana alimwambia. "Unyayo wako unabaki hapo miezi. Mwenzako atakuja asome vibaya, aungue."

Kwa hiyo siku Daktari Getrude alipofika mara ya kwanza, mwezi wa tano, amevaa buti na kubeba vipimo, salamu aliyopokelewa nayo ilikuwa ya Mariana akipaza sauti kutoka shambani: "Wewe dada, toa mguu kwenye ukoga wetu."

Daktari alitoa mguu. Si daktari wa kutibu watu. Ni mtafiti wa chuo kikuu, na shughuli yake ni viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Alisema ule ukoga sio uchafu, ni viumbe hai kwa mamilioni, na kila rangi ni ukoo wake na joto lake.

"Na unautafutia nini?" Esteria aliuliza.

Daktari akakaa juu ya jiwe kavu, akamweleza taratibu, bila kumfanya ajione mjinga. Alisema kuna sayari inaitwa Zohali, iko mbali mno, na miongoni mwa miezi yake kuna mmoja mdogo uliofunikwa barafu. Kwenye nyufa za ile barafu maji yanaruka juu kama mvuke. Chombo kilichotumwa na binadamu kilipita katikati ya mvuke huo kikakuta chumvi, kwa hiyo chini ya barafu kuna bahari, na inaonekana chini ya bahari kuna maji ya moto. Na huko kwenye nyota nyingine zimekwisha kuonekana sayari kwa maelfu, ambazo hakuna ajuaye zimebeba nini.

"Kwa hiyo huko kuna watu?" Dulla alidakia, kuku wawili mkononi. "Wale wa vichwa vikubwa, macho kama yai?"

"Hakuna anayejua kama kuna chochote," Daktari alisema. "Lakini kama kipo kitu hai, nadhani kitafanana zaidi na huu ukoga kuliko kufanana na wewe."

"Shemeji, umesikia? Nimezidiwa na ukoga."

"Mbona siku zote," Esteria alijibu, wakacheka wote.

Lakini neno lile lilimkaa moyoni. Siku hiyo alipomwogesha mwanawe, Deo, pale kwenye kahawia, alimwaga maji polepole, akiangalia yanavyopita juu ya kitu ambacho alikuwa akikiona kila siku bila kukiona.

Daktari alikata vipande vya ukoga wa chungwa, maana ndio alioutaka kuliko yote, akavitia kwenye vichupa, na vichupa akavipanga ndani ya boksi la barafu, kama samaki wa Karema wanavyoletwa mjini. Esteria aliona. Alitaka kusema neno, akalimeza. Yeye aliishia darasa la saba. Mwenzake ni daktari.

Ule ukoga ulifika maabara umekufa.

Daktari alirudi mwezi wa saba, akakata tena, akapanga tena kwenye barafu. Esteria akanyamaza tena. Ukafa tena.

Mara ya tatu ilikuwa mwezi wa tisa. Daktari alifika amekonda, hacheki. Alitembea pembeni pembeni kwa adabu, hakukanyaga kitu, akasema hii ndiyo safari ya mwisho. Safari hii ukifa, kazi yote inahamia kwenye chemchemi za nchi nyingine, na hapa hatarudi mtu.

Alikata vipande. Akafungua boksi, barafu ikatoa moshi wake.

Esteria alikuwa amechuchumaa na kuku nusu amenyonyolewa. Alimweka chini.

"Daktari, samahani," alisema. "Usiutie humo."

Mariana, aliyekuwa anafua chini kidogo, aliinua kichwa.

"Kwa nini?" Daktari aliuliza.

"Miezi ya baridi, kipande kikibanduka kikasukumwa pembeni kwenye maji yaliyopoa, kesho yake kimepauka. Kesho kutwa kimeoza. Hakipendi baridi. Nimeona miaka minne."

Daktari alimtazama. "Lakini ukikaa na joto la njiani unaweza kuoza vilevile."

"Sio joto la njiani. Joto lake." Esteria akanyoosha kidole kwenye mkondo. "Mara tatu. Ya nne huiwezi."

Daktari hakuelewa, basi Esteria akamwonyesha kwa kidole. Daktari akatumbukiza kipima joto pale pale. Digrii sitini na moja. Wakaenda sehemu ya pili yenye rangi ya chungwa, Esteria akasema mara tatu, kipimo kikasema sitini. Wakaenda ya tatu, ng'ambo, chini ya jiwe. Sitini na moja.

Daktari akamgeukia. "Mbona hukuniambia tangu mwezi wa tano?"

"Hukuniuliza," Esteria alisema, halafu akaona haya. "Na mimi niliogopa."

"Sasa nitaubebaje? Sina chombo cha kutunza moto."

Esteria alikuwa nacho. Alikifuata ndani. Ilikuwa chupa ya uji wa Deo, ya mdomo mpana, aliyopewa siku ya kumtoa mtoto nje, na ndiyo iliyomwezesha kushinda na kuku huku mtoto akinywa uji wa moto. Mariana alipoiona mikononi mwa mgeni aliacha nguo.

"Na mjukuu wangu atakunywa uji wa baridi?"

"Nitakuwa namkorogea upya, mama."

"Kwa ajili ya ukoga?"

"Kwa ajili ya ukoga wetu, mama. Si wewe uliyenikataza kuukanyaga?"

Mariana akarudi kwenye nguo zake.

Wakaitia chupa maji ya mkondo, wakazamisha vichupa vitatu vilivyofungwa vizuri. Esteria alimwelekeza Daktari: kila basi linaposimama, atafute mama ntilie, amwombe maji ya moto, ayapooze mpaka kidole kikubali mara tatu, ndipo abadilishe. Na mchana avitoe vichupa dakika chache vione jua, maana huku vimezoea kuliona.

Dulla akampakia Daktari na chupa yake. "Leo nimebeba watu wa Zohali," alisema akiwasha pikipiki. "Nauli yao nani analipa?"

Siku iliyofuata simu ndogo ya Esteria ililia saa tano. Daktari alikuwa Inyonga.

"Mama Deo, kipima joto kimebaki kwenye begi chini ya basi. Natumia kidole. Nimefika mara nne."

"Basi yamepoa. Ongeza moto."

Akapiga tena Sikonge. "Mara mbili tu, nimeungua."

"Pooza kidogo."

Kisha kimya. Wiki moja, ya pili. Esteria alimkorogea Deo uji mara tatu kwa siku, na kila akiukoroga alikuwa akiwaza vile vichupa.

Wiki ya tatu Dulla alikuja mbio, hata kuku hakuwaulizia. Simu yake ilikuwa na picha: kisahani cha kioo, na ndani yake ukoga wa rangi ya chungwa umejitandaza mpaka ukingoni. Chini yake Daktari alikuwa ameandika kwamba uko hai na unakua, na kwamba kila ukoo maabara hupewa jina na namba ya kuutambulisha. Kwenye kisahani kilibandikwa kikaratasi: MAMA DEO 3.

Esteria alikisoma herufi moja moja. Akamshusha mtoto mgongoni, akamwonyesha. Deo akagusa kioo cha simu, picha ikakimbia, ikabidi Dulla airudishe.

Chupa ilirudi kwa basi, imeoshwa. Lakini Deo hakuinywea tena, maana Mariana aliiweka juu ya kabati sebuleni, akaitandikia kitambaa alichofuma mwenyewe. Jumapili moja Mzee Yotham, jirani yao, alipita kusalimia, Esteria akamsikia mama mkwe wake akieleza.

"Chupa hii unayoiona imebeba viumbe wa Zohali."

"Mama," Esteria aliita kutoka uani, "imefika maabara tu. Na viumbe ni wa hapa."

"Naongea na mgeni," Mariana alimjibu, kisha akaendelea kwa sauti ya chini kidogo: "Aliyewaambia maprofesa jinsi ya kubeba ni huyo huyo mkwe wangu. Mimi nilimfundisha rangi, lakini hili la kubeba kalijua mwenyewe."

Esteria aliinama juu ya karai, akasugua palipokwisha kutakata.

Mzee Yotham akaomba aone huo ukoga wenyewe. Mariana akamwita mkwe wake. Esteria akajifuta mikono, akamfunga Deo mgongoni, akatangulia mbele kwenye njia ya mihogo.

"Pita nilipopita mimi, babu," alisema walipofika. "Hapo unapotaka kuweka mguu, ni pa hao viumbe."