Kipande cha Babu Yake Rehma

Madam Rehma alifundisha shule ya msingi huko mtaa wa Manyatta miaka thelathini na nne, na ukitaka kujua kama alifundisha vizuri, waulize wanaojua kusoma pale mtaani. Nusu yao walipitia mikononi mwake. Kila mwaka, somo la ukoloni lilipofika, alikuja darasani na kipande cha babu yake: karatasi iliyokunjwa ndani ya kijaluba cha bati, ambacho Mwingereza alimvisha shingoni kama kengele ya mbuzi babu huyo alipokuja kutoka pwani kufanya kazi ya reli. Watoto waliishika karatasi kwa zamu, naye akiwa ameishikilia pembeni. Mstari mmoja tu aliuziba kwa kidole gumba.

Mwaka huu binti yake Nuha amepata nafasi chuo cha ualimu. Kilichobaki ni kitambulisho, na siku ya mwisho ya kuripoti ni Ijumaa. Winny, mtoto wa jirani, aliomba chake akakipata bila maswali. Nuha, kwa sababu ya jina lake la Kiislamu tu, akaambiwa apite kwanza mbele ya kamati ya kuhakiki uraia, tena alete karatasi ya mzee wa ukoo ya kabla ya uhuru. Inaudhi, na Rehma aliudhika kwelikweli. Kila uchaguzi wanasiasa wamemjia wakimwita Mama na kumwomba kura, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza babu yake alitoka wapi.

Lakini mwenyekiti wa kamati alikuwa Ouma, ambaye Rehma alimfundisha kusoma herufi kwa herufi. Roho ikamtulia. Akamkabidhi karatasi nzima, bila kuziba kitu.

Ouma aliisoma polepole, kidole kikifuata maneno, vilevile alivyofundishwa.

"Madam, hapa mzungu ameandika huyu si mtu wa hapa. Ni mgeni."

"Ouma, hiyo karatasi uliishika ukiwa darasa la sita."

"Niliishika. Lakini hii laini sikuona." Akayakwepa macho ya mwalimu wake. "Sasa mimi siwezi andika kitu tofauti na yenye iko hapa. Leteni ingine, tutakaa tena mwezi ujao."

Walipotoka nje Nuha hakulia. Aliuliza tu, "Mama, ulijua imeandikwa hivyo?"

"Nilijua," Rehma akasema. "Nilidhani Mwingereza alipoondoka, aliondoka na maneno yake."