Makarasha matatu yalizimwa ili laptop yangu ikubali virtualization

Wakuu, heshima kwenu.

Haya ninayoandika yamenikuta mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Mwenye kubisha abishe, ila mimi nilikuwepo.

Naitwa Bhoke, mwanamke wa Kikurya. Kuna kipindi rashi ya dhahabu ililipuka huku kwetu upande wa Nyamwaga. Waliowahi kuona rashi wanaelewa. Juzi palikuwa shamba la mahindi, leo ni mashimo ya wachimbaji, maturubai, makarasha ya kusaga mawe, na watu wamehamia mpaka na vitanda.

Mimi nilikuwa na diploma yangu ya IT ndani ya begi, huku nauza chai na chapati palepale rashi. Sioni aibu kusema. Ila nilikuwa nimechoka kuitwa "dada chapati" na watu ambao simu zao zikigoma wanakuja kwangu.

Nilikuwa nimeomba kazi mpaka nikaacha kuhesabu. Halafu siku moja email ikaingia. Kampuni moja ya Mugumu inatafuta mtu wa network. Interview ni kwa video, kesho yake saa nne asubuhi. Unatumia laptop yako mwenyewe, unaunda virtual machine mbili, unaziunganisha huku wanakutazama.

Kwa wasiojua, virtual machine ni kompyuta inayoendeshwa ndani ya kompyuta. Lazima processor iruhusiwe kufanya hivyo, na ruhusa inatolewa kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows.

Nikafungua programu. Ikaniambia virtualization ni Disabled.

Nikasema hiyo ndogo. Nikaingia BIOS.

Wakuu, ile BIOS ilikuwa tupu! Saa, tarehe, password, mpangilio wa boot, basi. Nilibonyeza kila tab kama chizi, hakuna kitu.

Nikaja hapahapa jukwaani kuuliza. Mkanijibu nini? "Nunua nyingine." Mwingine akaniuliza kama nina uhakika hiyo ni laptop. Niliwachukia, niseme ukweli.

Nikatulia, nikasoma. Processor yangu inakubali virtualization kabisa, ila waliotengeneza laptop hawakuiweka kwenye menyu. Nikaingia website yao, nikakuta BIOS mpya, na maelezo yake yanasema option hiyo imeongezwa. Nilicheka peke yangu kibandani.

Sasa balaa lilikuwa hapa. Ukiwa una-update BIOS, umeme ukikatika katikati, laptop inakufa na hutaiwasha tena. Na yangu ni mtumba, betri ilishakufa zamani, inaishi kwa waya. Programu ya update ilikuwa ya kizamani, ilitaka tu chaja iwe imechomekwa.

Na waya wangu ulikuwa laini moja na makarasha matatu ya mota za umeme. Karasha likianza kuzunguka, taa zinafifia na laptop yangu inazima palepale. Nilimpigia shangazi yangu wa Turwa niende kwake, akasema nguzo imeanguka, mtaa mzima hauna umeme na haijulikani utarudi lini. Sola yangu ilikuwa ya taa na simu tu.

Nikavua aproni, nikaenda kwa Mzee Marwa. Makarasha yote matatu ni yake.

Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza taratibu. Mawili hakuwa na shida nayo, yalikuwa yanasubiri mzigo. La tatu lilikuwa linasaga mawe ya Mwita, mchimbaji aliyekuwa amepata mawe mazuri kwa mara ya kwanza.

"Karasha halizimwi mawe yakiwa ndani," Mzee akasema.

Hilo halikuwa jeuri yake. Ndivyo ilivyo rashi. Karasha likisimama katikati, mwenye mawe anaanza kuwaza nani anataka kumwibia, na hapo watu wanaumizana.

Nilitaka kuondoka. Nikashindwa, hasira zikanipanda.

"Tata," nikamwambia, hivyo ndivyo tunavyomwita baba, "wewe kabla ya makarasha haya ulichimba shimo mwaka mzima huoni kitu, na hakuna aliyekuambia ufukie. Mimi nakuomba dakika kumi tu."

Mzee akageuka kuelekea kwenye karasha la tatu. Akamwita Mwita, wakaongea Kikurya pembeni, Mwita anarusha mikono. Mwishowe Mwita akasema sawa, ila yeye atakaa juu ya karasha lenye mawe yake, ayalinde mpaka nimalize.

Na kweli alipanda akakaa, miguu inaning'inia. Mzee mwenyewe akashusha swichi kubwa.

Upande wetu wote ukawa kimya. Nilisikia kuku.

Nikakimbia kibandani, nikabonyeza update. Asilimia zikaanza kupanda polepole. Watu wamejaa mlangoni, na Mwita kutoka kule juu kila mara anauliza imefika ngapi, wanamjibu kwa sauti. Ilipofika mwisho laptop ikazima yenyewe. Ikawaka.

Nikaingia BIOS. Tab mpya. Virtualization. Nikaweka Enabled, nikasave.

Windows ikafunguka, bado inasema Disabled! Machozi yalinilenga mbele za watu. Halafu nikakumbuka kwamba restart haitoshi. Nikazima kabisa, nikachomoa waya, nikashikilia kitufe cha power, nikawasha upya.

Enabled.

Nilipiga kigelegele, wakuu. Mwita akashuka kwenye karasha, mashine zikaendelea na kazi.

Jioni shangazi akapiga kwamba umeme Turwa umerudi. Ndiyo, najua mtasema ningesubiri. Ningejuaje?

Asubuhi nilifanyia interview kwake. Nilipomaliza kuunganisha mashine zangu mbili, yule mkubwa wao akaniuliza modeli ya laptop; nilipomtajia akashangaa, maana aliijua na haikuwa na option hiyo. Nikamwambia nimeweka BIOS mpya jana, kwa umeme wa waya tu, betri imekufa.

"Uli-update bila betri? Ungepoteza laptop na hii interview pia."

"Nilikuwa na watu waliozima mashine zao wakanisubiri," nikamjibu.

Akaniuliza naweza kuripoti lini Mugumu.

Ndiko ninakoandikia sasa hivi, na najivunia sana, sitajifanya mnyenyekevu.

Nilichojifunza: BIOS ikiwa tupu usikate tamaa. Hakikisha processor inakubali, tafuta BIOS ya modeli yako hasa, soma maelezo yake, ukimaliza zima kabisa usirestart. Na usione haya kuomba watu.

Aliyekwama aweke modeli yake hapo chini, nitamjibu. Ila kabla hujabonyeza update, uniambie umeme wako unachangia na nani.