Kamba na Nguo za Kazi

Nyumbani kwetu Panda, mtaa wa Likasi, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda, kulikuwa na mabeseni mawili. La plastiki lilikuwa la nguo za watu wote. La bati, lililoliwa ukingoni, lilikuwa la baba peke yake. Baba alifanya kazi kwenye asidi, na nguo zake za kazi hazikupita mlangoni. Alizivua nyuma ya nyumba, mama akazifua katika bati lile na kuzianika kwenye waya wake karibu na choo. Siku moja dada yangu alichoka kubadilisha beseni, akaloweka shuka pamoja na suruali ya baba. Shuka halikuonyesha kitu. Baada ya wiki kadhaa mama alilikunja, likampasukia mikononi kama mkate uliolowa. Alimchapa dada, kisha akatuita sote tutazame.

"Acide haina mbio," alisema. "Inakulaka polepole, weye uko unalala."

Ninaanza na beseni kwa sababu kila mtu akiniuliza habari za ajali hutaka nianze na ule ukuta wa mawe. Ajali haikuanzia kwenye ukuta.

Mimi pia niliishia kiwandani, ila mimi ni mtu wa labo, maabara ya kiwanda. Tunayeyusha mawe ya shaba kwa asidi, na kila saa mbili mmoja wetu huzunguka matangi na chupa, anachota, anarudi kupima. Mkuu wa zamu anataka nambari na anazitaka sasa hivi. Nambari zikiwa mbaya, mwenye kosa ni wewe, tangi halikosei kamwe. Nimefanya hivyo miaka kumi na minne. Matone hurukia mikono na mapaja, na salopeti, ovaroli ya kazi, ya kila mmoja wetu ina vitundu vidogo ambavyo tulikuwa tukitaniana kwavyo, nani kapigwa risasi nyingi zaidi.

Nikitoka pale nilitaka vitu ambavyo mkuu wa zamu hakuvijua. Jumanne na Alhamisi nilikuwa na judo, katika ukumbi wa zamani wa Panda, juu ya magunia ya unga wa mbao yaliyofunikwa turubai. Jumamosi nilipanda ukuta wa mawe. Jumapili nilicheza mchezo wa ramani tuliouchora wenyewe juu ya makatoni, wenye reli, migodi na dadu, mchezo ambao watu wazima wawili tu duniani waliujua. Siku zilizobaki nilichokonoa redio mbovu mezani hadi mke wangu alipodai meza yake apange sahani. Alikuwa akinichongea mbele ya wageni: "Papa huyu, siku akifwa, bataomba masanduku ine." Wageni walicheka, nami nilicheka. Methali ya mshika mbili niliijua vizuri. Nilijibu kwamba mimi nashika nne na hakuna hata moja iliyoniponyoka. Nilijivunia jibu hilo, mjinga mimi.

Siri ya kushika nne ilikuwa begi. Lilikuwa begi kubwa jeusi la turubai. Kutoka kazini hadi nyumbani kisha ukumbini kungenipotezea saa nzima ya taksi, na saa hiyo sikuwa nayo. Kwa hiyo kila kitu kiliingia mle asubuhi na hakikutoka hadi jioni: kimono, mkanda wa kupandia, kamba, daftari, chakula. Zamu ikiisha nilivua salopeti na glavu, nikaziviringisha, nikazisukuma chini kabisa. Kamba ilikaa juu yake. Mtoto wa mama yule, aliyeona shuka likipasuka, alifanya hivyo kwa mwaka mzima na zaidi.

Kuna siku suruali ya kimono ilinipasukia gotini katikati ya mazoezi, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilisema judo hupasua nguo. Ni kweli, hupasua. Ndiyo maana sikufikiri zaidi.

Mwenzangu katika hayo yote alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari. Watu wake ni Waislamu wa Maniema. Baba yake alikuja huku akiendesha malori, akaoa, akabaki. Tulikutana ukumbini tungali vijana, na somo la kwanza tulilopewa pamoja lilikuwa kuanguka. Kwa miezi miwili maître, mkufunzi wetu wa judo, hakutufundisha kitu kingine: kidevu kifuani, mgongo wa mviringo, mkono upige chini kwa nguvu kabla mwili haujafika. Mwenzangu alianguka vizuri kuliko sisi sote.

Ukuta wetu ulikuwa katika machimbo ya mawe yaliyoachwa, kwenye njia ya Buluo. Tulipita kwa baiskeli kati ya wanawake waliobeba sufuria za chakula kupeleka gerezani. Walitutazama na kamba yetu, wakacheka kwamba sisi tunatafuta njia ya kuingia. Mwalimu alisali alasiri chini ya ukuta wakati mimi nikipanda kwa nyuma kufunga kamba kwenye mti wa juu. Kisha mmoja alipanda, mwingine akashika kamba kutoka chini, ili mpandaji akiteleza aning'inie tu. Kamba tuliinunua sokoni kwa mzee anayeuza vitu vilivyotumika vya kutoka Zambia. Ilikuwa ya nailoni, nzito, nzuri. Niliikagua mwenyewe pima kwa pima.

Na nilikuwa na daftari. Hapo ndipo ugonjwa wangu unapoonekana. Niliandika kila siku ya kamba: mara ngapi imebeba mtu, mara ngapi imeshika anguko, saa ngapi imekaa juani, wapi imesugua jiwe. Safu ya mwisho ilikuwa ya aliyetangulia kupanda. L ya labo, M ya mwalimu, kwa zamu, kwa sababu anayetangulia ndiye huangukiwa na vijiwe vilivyolegea tangu wiki iliyopita. Mstari wa kila Jumamosi niliujaza kabla hatujaanza, kwa kalamu. Mwalimu alinitania kwamba hata wahasibu wa kiwanda hawaandiki hivyo. Kwa mahesabu yangu kamba ilikuwa na miaka miwili mbele yake.

Jumamosi ile nilikuwa nimetoka zamu ya asubuhi, zamu mbaya, bomba limepasuka na sote tumelowa. Mikono ilikuwa inaniuma tangu judo ya Alhamisi. Zamu ya kutangulia ilikuwa yangu na nilikuwa nimekwisha kuandika L.

"Ndugu, anza weye," nilimwambia. "Miye nimechoka."

"Kule labo banakuuwa," alisema, akajifunga.

Alipanda vizuri. Alikuwa karibu kufika juu, kimo cha nyumba mbili zilizopandana, mguu ulipomteleza. Ni jambo la kila Jumamosi. Nilijikaza kupokea uzito wake na uzito haukuja. Kamba ililegea mikononi mwangu, nyepesi. Kisha nikamwona anashuka.

Alianguka kama tulivyofundishwa. Kidevu kifuani, mkono ukapiga chini kabla ya mwili. Ulipiga juu ya mawe, ukavunjika, na baada yake mgongo.

Dereva wa lori la makaa alishusha magunia yake barabarani ili tumlaze. Hospitali ya Likasi waliangalia picha za mifupa wakatupeleka Lubumbashi, na Lubumbashi daktari alituita kando, mke wa mwalimu na mimi, akasema miguu haitarudi. Mke alipiga magoti palepale kwenye saruji. Mimi niliuliza swali la kitaalamu, sijui lipi. Nilitaka nambari.

Kipande cha kamba kilichobaki nilikipeleka labo siku ya tatu. Nilikata ncha, nikailoweka katika maji safi, nikachovya karatasi ya kupimia asidi. Ikageuka nyekundu. Sikuhitaji kurudia, lakini nilirudia mara tano, kwa sehemu tano, na sehemu iliyokatika ndiyo iliyokuwa nyekundu kuliko zote. Nikaketi juu ya ndoo katikati ya labo. Mwenzangu wa zamu alidhani nimevuta moshi wa tangi.

Wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ndiye niliyeambiwa, mbele ya beseni, na aliyevunjika ni mwingine.

Siku ya tano ndugu za mwalimu walikuja kunichukua. Walitaka kwenda sokoni kwa yule mzee wa kamba. Nilikwenda nao. Mzee aliapa kwamba kamba ilikuwa nzima, kwamba yeye mwenyewe alivutia gari nayo. Mkubwa wao akanigeukia.

"Weye uko muntu wa labo. Sema. Kamba ilikuwa mubaya?"

"Labda ilikuwa ya zamani," nilisema.

Nilisema hivyo, kwa sauti ya mtu anayejua. Waligeuza meza yake, wakachana turubai lake, mmoja akampiga makofi mawili mbele ya wateja wake. Mzee alikuwa akiokota misumari matopeni na kuniangalia mimi, si wao. Wiki iliyofuata nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na mama wa ndizi. Wengine wanasema amekwenda mji wa Kolwezi.

Baada ya hapo niliacha judo, niliacha redio. Jumapili pekee sikuiacha. Miezi minane nilikwenda kwa mwalimu na makatoni yetu, nikayatandika juu ya ubao kitandani kwake. Alicheza vizuri kama zamani. Shule ilikuwa imempa mwingine nafasi yake. Sala alikuwa akisali amelala, kwa macho na kidole. Na katikati ya mchezo, dadu mkononi, alirudia swali lilelile.

"Mara mia moya na kumi na tatu kamba ilitushika. Juu ya nini ilikatika ile siku? Leta daftari, tuhesabu."

Nilimwambia daftari lilipotea siku ya ajali. Halikupotea. Lilikuwa ndani ya shati langu kila Jumapili, kwa sababu kila Jumapili nilitoka nyumbani nimeapa kusema.

Kilichonishinda ni kitu kidogo. Jumapili moja nilipita uani nikamkuta mke wake akifua. Alikuwa na mabeseni mawili. Katika moja zilikuwa nguo za watoto. Lingine lilikuwa la mashuka ya mwalimu, maana vidonda vya mgongoni vilikuwa vimeanza kutoa maji.

"Papa, ingia, eko anakungojea," alisema. Kisha akaona ninatazama beseni, akaona haya. "Hii natengaka. Haiwezi changana na ya batoto."

Niliingia nikamwambia mwalimu yote kabla sijaketi. Salopeti, begi, karatasi nyekundu, maneno yangu sokoni. Nililia, nalisema hili wazi, nililia mpaka kamasi. Yeye hakulia. Alinyoosha mkono ule uliounganika vibaya.

"Daftari."

Nikalitoa ndani ya shati. Hakuuliza limepatikana wapi. Alilisoma tangu ukurasa wa kwanza, taratibu, kama mitihani ya wanafunzi, na mimi nimesimama. Aliomba kalamu. Pembeni, kulia kwa safu zangu zote, alichora safu nyingine, akaandika juu yake: asidi. Kila ukurasa. Akashuka nayo, kila Jumamosi niliyotoka kazini alama moja, akiniuliza zamu nilizofanya nami nikimjibu. Ilichukua karibu saa nzima. Mke wake aliingia na chai, akatuona, akatoka.

Akafika mstari wa mwisho. Pale palikuwa na tarehe, hali ya hewa, na L.

"Hapa uliandika weye njo wa kwanza," alisema.

"Niliandika mbele ya kupanda. Ilikuwa zamu yangu."

"Haukutengeneza?"

"Hapana."

Alikata L kwa mstari mmoja ulionyooka, kama walimu wanavyokata, akaandika M kando yake. Akafunga daftari, akanirudishia.

"Enda onyesha bandugu yangu," alisema. "Na ule muzee wa kamba, umutafute. Ukimaliza njo unarudia kwangu. Mbele ya kumaliza, usirudie."

Nilianza kukusanya makatoni. Akaniambia niyaache.

Ndugu zake wanakaa hapa hapa mjini. Mkubwa ana duka ambalo taksi yangu hulipita kila asubuhi, na huwa amesimama mlangoni, hunipungia mkono na kuita, "Ndugu, habari ya mugonjwa?" Nami humpungia. Kolwezi si mbali.

Sasa nina mabegi mawili, moja la nguo za kazi na moja la daftari. Leo ni Jumapili ya sita niko nyumbani. Mke wangu ameuliza mbona siendi kucheza. Nimemwambia mwalimu amechoka.