Chepchumba Aliyeambiwa Aote Jua

Chepchumba alichuma chai yake mwenyewe huko Sosiot kwa miaka arobaini, jua likimpiga kisogoni kila asubuhi mpaka mvua ya mchana ianze. Kila mtu pale sokoni anajua hivyo. Aliyekosa kujua ni msomi mmoja tu, na kwa bahati mbaya ndiye aliyeitwa daktari.

Chepchumba alikuwa na miaka sitini na tisa alipoteleza akipeleka majani kwenye kituo cha kupimia. Alianguka kidogo tu, kiasi kwamba hata kikapu hakikumwagika, lakini kifundo cha mkono kilivunjika. Mke wa mwanawe, Nelvine, alimpeleka kwenye kliniki ya kibinafsi mjini, akafungwa plasta na kutolewa damu. Majibu yalipotoka, yule daktari, Kebaso, akasema vitamini D iko chini sana na ndiyo sababu mifupa imelegea. Alisema hayo macho yakiwa kwenye simu.

"Mama, unakaa ndani sana. Toka nje uote jua."

Chepchumba alimnyooshea mkono uliobaki mzima, mweusi kwa utomvu wa chai, vidole vimepasuka. Kebaso hakuuangalia. Alikuwa ameshaandika vidonge.

Chepchumba akavimeza kwa miezi mitatu. Nelvine mwenyewe alikuwa akimwekea kiganjani kila jioni baada ya ugali. Waliporudi, kiwango kilikuwa kimepanda kidogo sana, kiasi cha kuaibisha. Basi Kebaso, badala ya kujiuliza kwa nini, akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa hanywi dawa. Hapo ndipo elimu yake yote ilipoishia.

Nyumbani mambo hayakuwa bora. Dada mdogo wa Chepchumba, Chelimo, ana duka pale sokoni, na kwa miaka thelathini amekaa nyuma ya wavu wa dirisha akiuza sukari na sabuni. Hata kanisani huenda na mwavuli. Mtu huyo ndiye aliyejifanya mwalimu wa afya. Aliwaambia wateja kwamba dada yake anauza maziwa yote akibaki na chai ya rangi, na kwamba siku hizi hata shambani haendi, anajilaza tu. Wateja walitikisa vichwa kwa huruma wakanunua sabuni yao. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba alimwona Chepchumba shambani asubuhi hiyo hiyo, akichuma kwa mkono mmoja.

Baadaye watafiti wakaja kwenye zahanati wakitafuta wanawake waliopita miaka sitini, wapimwe damu. Chepchumba alienda kwa sababu alikuwa amechoka kuitwa mvivu. Chelimo alienda ili aonekane mzima.

Miezi ikapita, kisha muuguzi wa utafiti, Molly, akawaita wote wawili, na kwa ruhusa yao akawasomea majibu pamoja. Chelimo, wa nyuma ya wavu, alikuwa na vitamini D ya kutosha. Chepchumba alikuwa bado chini. Molly akaeleza kwa utaratibu kwamba ngozi hutengeneza vitamini hiyo kwa jua, na ngozi ikizeeka hutengeneza kidogo. Halafu ini lazima liibadilishe na damu iibebe. Kazi hizo huongozwa na jeni, ule urithi tunaopewa na wazazi, na jeni za Chepchumba ni za aina inayofanya viwango viwe chini. Alisema jeni si sababu peke yake, lakini kwake zilikuwa na uzito.

Chelimo akaruka, akasema wao ni baba mmoja mama mmoja.

"Ndiyo," Molly akajibu, "lakini kila mtoto huchukua mchanganyiko wake."

"Kwa hivyo si uvivu?" Chepchumba akauliza.

"Si uvivu, mama."

Chepchumba akamgeukia dada yake. "Rudia hayo. Nataka kuyasikia kwa mdomo wako."

Chelimo akayasema, kwa sauti ndogo sana kwa mtu aliyezoea kutangaza dukani.

Molly aliandika barua kwa kliniki, kwamba dozi iongezwe na damu ipimwe tena. Kebaso aliisoma mara mbili, kisha akasema, bila haya, kwamba hata yeye alishuku hivyo tangu mwanzo. Nelvine akachukua faili, wakahamia zahanati, ambako dozi iliongezwa. Kiwango kilipanda safari hii, na maumivu ya nyonga aliyokuwa ameyazoea yakapungua. Mkono ulipona ukiwa umepinda kidogo.

Msimu uliofuata Chelimo alikuja shambani kusaidia, bila kuitwa. Alichuma nusu saa, akashika kiuno, akalalamika kwamba jua ni kali. Chepchumba alimcheka waziwazi, akamwonyesha kivuli cha kukaa, akaendelea na mstari wake.