Kuombewa Safari Kabla ya Kuamua

Nilipomaliza shule nilikuwa na barua mbili za kuitwa chuoni. Moja ilitoka chuo cha serikali hapa Eldoret, nisomee ualimu. Ya pili ilitoka chuo kikuu cha kibinafsi Nairobi, kikubwa, katikati ya jiji, nisomee uanahabari. Nilikuwa na wiki sita za kuamua. Baba alinimalizia kazi hiyo kwa Jumapili moja.

Siku za kazi baba alikuwa karani kwenye ghala la mahindi. Jumapili alikuwa mzee wa kanisa na msomaji wa matangazo. Kanisa letu la mabati liko Yamumbi, pembeni mwa mji, na nusu ya waumini walitoka upande wa magharibi kama sisi. Siku hiyo alisoma tangazo la mazoezi ya kwaya, akasoma la harusi, kisha akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi, kwamba binti yake anaenda chuo kikuu Nairobi. Vigelegele vikapigwa. Nikaitwa mbele, nikapiga magoti, nikawekewa mikono. Nikaombewa gari, barabara, marafiki wema na hata mume. Hakuna aliyeniuliza kama naenda.

Kwetu ukishaombewa safari, umesafiri. Kuanzia Jumatatu vitu vikaanza kuletwa nyumbani: sanduku, sufuria ndogo, Biblia ya zipu na mablanketi matatu. Moja lilitoka kwa mama mmoja mzaliwa wa Timboroa, ambako asubuhi nyingine kabichi huwa na barafu, naye alinionya kwa dhati kwamba Nairobi kuna baridi. Kila nilipotumwa dukani nilikutana na swali lile lile: "Kwani bado uko?" Nikaanza kupita njia ya nyuma. Nilikuwa na hasira, ila ni vigumu kumkasirikia mtu aliyekuletea blanketi.

Wiki ya tatu nilienda Nairobi kukiona chuo chenyewe, siku waliyowakaribisha wageni. Sikutaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Ghorofa zilikuwepo, lifti zilikuwepo, na maktaba ilikuwa na viti vingi kuliko kanisa letu. Msichana wa mwaka wa pili ndiye aliyetutembeza, mchangamfu, amevaa viatu vilivyomuumiza. Nilipouliza studio ya redio, alituonyesha mlango. Mwenye ufunguo hakuwepo.

Nikawaacha wenzangu, nikajipenyeza kwenye ukumbi wa mhadhara. Tulikuwa mamia. Karatasi ya mahudhurio ilipofika kwetu, kijana aliyeketi kando yangu alisaini mara nne, kila mara kwa mwandiko tofauti, akanigeukia. "Na wewe, nikusainie nani?"

Nikamwambia mimi si mwanafunzi wa pale.

"Haina noma. Hawasomangi hayo majina."

Sikushtuka. Kusema kweli nilifurahi. Kwa saa nzima hakuna aliyeniuliza kama bado niko. Lakini ya uanahabari yaliyofundishwa sikuyashika hata moja, kwa sababu nilikuwa namsahihisha mhadhiri kimoyomoyo. Geuka, wa nyuma hawakusikii. Hilo neno liandike ubaoni. Yule wa kule pembeni amepotea tangu mwanzo, muulize. Nilipotoka nje nilikuwa najua ninachotaka, na hakikuwa Nairobi.

Jumamosi nilimkuta baba uani akipaka viatu rangi. Nikamwambia nabaki Eldoret, nitasomea ualimu. Aliendelea kupiga brashi kiatu kilichokuwa kimeshang'aa.

"Watu walishakuombea," akasema.

"Najua, baba."

"Mtu haombewangi halafu akae. Sasa utawaambia nini?"

"Nitawaambia nimebaki."

Akanitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Nilidhani ameudhika kwa ajili ya jina lake kanisani, na sikumhurumia. Yeye ndiye aliyetangaza.

Kesho yake, wakati wa ushuhuda, nilisimama. Nikasema nawashukuru kwa maombi na kwa vitu, kwamba sikuwa nimeamua wakati ule, na kwamba sasa nimeamua: siendi. Mwenye kutaka blanketi lake aje alichukue. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja nyuma yangu alinong'ona, "Ai, si tulifunga na kuomba?" Nikabaki nimesimama kwa sababu sikujua ushuhuda wa namna ile huishaje.

Baba akainuka kutoka kiti cha wazee. Zamu yake ya matangazo ilikuwa bado, lakini sauti ilikuwa ile ile ya matangazo.

"Na mimi niliombewa niende Nairobi," alisema. "Huko nyumbani magharibi, nikiwa kijana. Walinichinjia kuku, wakanisindikiza mpaka barabarani. Basi likasimama hapa Eldoret watu wanywe chai, nikaogopa, sikupanda tena. Nikatafuta kazi ya kubeba magunia. Kurudi, ningewaambia nini? Barua za nyumbani nikawa naandika kama niko Nairobi."

Akakunja karatasi yake mara mbili.

"Mama yangu alikufa akijua niko Nairobi. Huyu mtoto amesema. Mwacheni akae."

Akaketi. Kanisa zima likanigeukia mimi, isipokuwa mama yangu, mkewe kwa miaka ishirini na mitatu, aliyekuwa akimtazama yeye.